Asante kwa Kutuita Wajuvi

Siku Commandant alipomwita kaka yangu mjuvi, uwanja mzima ulipiga makofi, na mimi nilipiga hadi viganja vikaniwasha. Kama wewe ni mtu wa pwani, najua umeshashika kichwa. Subiri, usicheke bado. Neno lile nusura litupotezee mtu.

Ilikuwa Butembo, wakati wa vita vya pili, mji ukiwa mikononi mwa waasi na marafiki zao waliovuka mpaka kwa njia ya Kasindi. Mkubwa wa askari wao katika eneo letu alikaa Beni. Jina lake la kuzaliwa tulilijua wachache, kwa sababu watu walikuwa wameshambatiza Commandant Bora. Alikulia Tanzania, na alisema kile tunachokiita Kiswahili bora, ambacho sisi tulikutana nacho kwenye Biblia na redioni tu. Kiswahili chetu kimelelewa na Kinande, kimekwenda shule na Kifaransa, na askari wakakifundisha Lingala baada ya masomo. Yeye alisema "hatimaye" na "aidha" bila kujikwaa, na wazee walitikisa vichwa kama wako ibadani. Aibu gani! Mtu anakueleza kwa nini amewaua watu wako, na wewe unafurahia sarufi.

Maana hilo ndilo lililomleta. Nyuma ya Kalunguta kulikuwa na kijiji ambacho askari walikuwa wamekipitia, na waliobaki hai walirudi kuzika. Commandant alikuja Butembo kutueleza kwamba waliokufa kule wote walikuwa Mai-Mai, watu wa vita, na kwamba jeshi halikugusa raia hata mmoja. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye swali. Aliuliza kama mtu anayekukaribisha chakula huku anafuta sahani.

Kaka yangu Élysée akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji hicho. Alikimbilia porini pamoja na watu wake, akarudi pamoja nao, akashika jembe pamoja nao. Tangu alipofika nyumbani alikuwa akila kidogo na kusema kwa uchache zaidi, na mimi nilidhani ni uchovu.

"Mon commandant, pardon," alisema, kwa sauti ileile ya kuita majina darasani. "Mu bale tulizika, kulikuwa Ariel, wa première primaire. Alikuwa anaanza kuandika jina yake. Nilitaka kuuliza tu, yeye aliingia Mai-Mai siku gani?"

Mtoto wa darasa la kwanza! Nilimwona Commandant akimtazama kaka yangu, kisha akatabasamu, tabasamu zuri kabisa, lenye meno. Akasema, "Kijana, wewe ni mjuvi. Mjuvi sana! Njoo kwangu Beni tuzungumze. Watu kama wewe tunawatafuta."

Hapo ndipo makofi yalipolipuka. Sasa nawaulizeni: aliyelewa ni mlevi, aliyeiba ni mwizi, na mjuvi je? Si ni yule aliyejua? Tulisikia kujua ndani ya neno lile, waziwazi. Tulisikia mtu mkubwa, mwenye bunduki, akikubali mbele ya mji mzima kwamba mwalimu mdogo wa Kalunguta anajua. Naye Commandant, aliposikia makofi, aliinua mkono kutushukuru. Alidhani tunamshangilia kwa kumkemea kijana asiye na adabu. Kila upande ulirudi nyumbani umeridhika, na sijawahi kuona watu wakipotezana kwa furaha kiasi kile.

Élysée peke yake hakufurahi. Alisema ameuliza swali na hakupata jibu. Mama yetu, Mama Jokébed, alimwambia mkubwa hamjibu mtu uwanjani, humwita ofisini, na ndivyo alivyofanya. Mama alikuwa muuza maharagwe, mjane, na kila punje aliyouza sokoni alikuwa ameigeuza kuwa darasa la Élysée. Mimi nilisoma kwa mabaki, lakini hayo si ya leo. Kwa ajili ya uhakika tulikwenda kwa Pasta Ananie, kwa kuwa alisoma shule ya Biblia na ndiye hakimu wetu wa Kiswahili. Pasta alifikiri, akafunua kitabu kimoja, akafunua kingine, hakulipata neno. Badala ya kunyamaza kama mtu mwenye hekima, alisema neno lisilopatikana kwa urahisi ni la heshima kubwa. Mjuzi, alisema, anajua kazi moja. Mjuvi anajua mpaka ndani.

Mama yangu si mtu wa kusifiwa nusu. Kesho yake soko zima lilijua. Wateja walianza kumwita Mama Mujuvi, naye aliwaongezea maharagwe juu ya kipimo, jambo ambalo hata Krismasi haikuwahi kumfanyisha. Élysée alisema afadhali aende Mangina kwa rafiki yake akakae kidogo. Mama alimjibu kwamba kuitwa na mkubwa na kutokwenda ni ukosefu wa adabu, na yeye hakuzaa mtoto asiye na adabu. Nakumbuka alivyolisema, akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Basi kaka yangu akakubali. Aliniambia pembeni kwamba huenda kweli Commandant atamjibu, na akijibu, yeye atakuwa na neno la kumpelekea mama wa yule mtoto.

Sisi hatumpeleki mtu kwenye heshima mikono mitupu. Kanisa lilipata lori, kwaya ya akina mama ikapanda na ngoma zao, Pasta akapanda mbele karibu na dereva, na nyuma tukafunga beberu mweupe wa kumshukuru Commandant. Élysée alivaa koti la marehemu baba na kravati. Tuliimba tangu tunatoka Butembo. Askari wa vizuizi vya njiani walitufungulia kwa kushangaa, kwa sababu watu waliokuwa wanaelekea kwenye kambi ile kwa kawaida hawakuwa wanaimba.

Kalunguta tulisimama, na mwanamke mmoja akaomba kupanda. Alikuwa Agar, mama yake Ariel. Alikuwa amejifunga kitenge safi na kubeba viazi vitamu katika kikapu, na alipopewa nafasi alikaa kando yangu. Habari zilikuwa zimemfikia hata yeye. Alifikiri hivi, na mimi nilimwona ana haki ya kufikiri hivyo: kama mwalimu amesifiwa, basi swali lake limepokelewa, na kama swali limepokelewa, jibu liko njiani. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama Commandant atalitaja jina la mtoto. Nilimwambia bila shaka. Akatabasamu kidogo, akanipa kiazi.

Kambi ya Beni ilikuwa na lango la mabati na uwanja wa udongo mwekundu. Kwaya ilijipanga, ngoma zikalia, na Commandant akatoka ofisini mwake akiwa na askari wake. Nilimtazama usoni, kwa hiyo naweza kueleza. Mwanzo alikuwa na uso wa mtu aliyesikia mvua bila kuona wingu. Kisha Pasta Ananie akasogea mbele na kufanya hotuba aliyoiandaa njia nzima.

"Mon commandant," alisema Pasta, "tunakuja kusema asante. Uliita huyu mutoto wetu mujuvi. Ni kweli. Mais si yeye peke yake. Baba yake alikuwa mujuvi, mama yake hapa ni mujuvi, na mu kanisa yetu tuko bajuvi wengi. Batoto wetu tunabafundisha bujuvi tangu budogo. Tunakuombea na wewe Mungu akuongezee bujuvi."

Kwaya ikaitika amina. Mama akapiga vigelegele. Pembeni ya Commandant kulikuwa na mlinzi wake, kijana aliyekuja naye kutoka huko Tanzania, na nikamwona kijana yule akifunika mdomo kwa mkono, mabega yakimtetemeka. Nilidhani ameguswa na sala. Commandant aligeuka akamwona, kisha akaturudishia uso wake. Haukuwa na tabasamu wala meno.

Aliuliza, polepole, ni nani aliyetutuma. Pasta akasema ni furaha tu ndiyo iliyotutuma. Commandant akaangalia ngoma, akaangalia beberu mwenye utepe shingoni, akamwangalia kaka yangu na kravati yake. "Mnakuja mpaka mlangoni kwangu," alisema, "na mbuzi, na ngoma, kunitukana kwa wimbo." Akatoa amri kwa Lingala, na askari wawili wakamshika Élysée kwa koti la baba na kumvuta nyuma ya jengo, mahali ambapo palikuwa na shimo lililofunikwa kwa mbao. Tulisikia mbao zikiinuliwa. Tulisikia zikirudishwa. Pasta alipouliza kuna kosa gani, alipigwa kofi lililomwangusha miwani, na sisi wengine tulisukumwa nje ya lango kwa vitako vya bunduki. Beberu naye alikamatwa.

Sikuweza kulia. Nilikuwa nimeshangaa mno kulia. Mama alikuwa bado ameshika mkono hewani, ule wa kupigia vigelegele, na ilinibidi niushushe mimi. Akina mama wa kwaya walikaa chini barabarani wakiulizana tumekosea wimbo gani. Mmoja alisema labda huyo Commandant hapendi beberu mweupe. Kila mtu alitafuta kosa mahali pote isipokuwa pale lilipokuwa, na pale lilipokuwa tulikuwa tumelipigia ngoma.

Mungu ana njia zake, na siku ile alitumia lori la nguo. Mjomba Zorobabel, mdogo wake Mama, alikuwa mfanyabiashara aliyezoea kununua mitumba Mombasa na kuirudisha kwa njia ya Kasindi. Alikuwa akiingia Beni na marobota yake alipoiona kwaya nzima ya kwao imekaa kwenye vumbi mbele ya kambi. Akateremka. Tukamsimulia wote kwa pamoja, na ilipofika ile sehemu ya neno, alituambia tunyamaze, turudie. Tukarudia. Mjomba akaketi juu ya jiwe.

"Mujuvi?" alisema. "Mulimwambia asante ya mujuvi?"

Kisha akatueleza. Kule pwani, alisema, mjuvi ni mtu asiye na adabu. Ni mtoto anayewajibu wakubwa, anayeingilia maneno, mtu wa macho makavu. Mombasa amewaona akina mama wakiwapiga watoto makofi kwa ujuvi. Hakuna anayemsifu mtu kwa neno hilo, hata mlevi. Pasta Ananie, ambaye shavu lake lilikuwa bado limevimba, akaanza kubisha habari ya kujua na ujuzi, na kwamba neno haliwezi kumkana mama yake namna hiyo. Mjomba akamwambia, Pasta, nenda kawaeleze hayo watu wa Mombasa. Nilitamani kumpa Pasta kofi la pili, lakini nilikumbuka ndiye aliyenibariki.

Nilimwona Mama akihesabu moyoni watu wote aliowaambia kwa mdomo wake, mimi ni mama ya mujuvi. Halafu akaelewa lililo kubwa zaidi, kwamba yeye ndiye aliyemvalisha mtoto wake koti na kumleta mwenyewe mpaka shimoni. Alisimama. Akasema tunaingia.

Tuliruhusiwa watu wachache: Mama, Mjomba wa kutafsiri, na mimi wa kumshika Mama. Agar alitufuata nyuma na hakuna askari aliyemzuia, kwa sababu alikuwa ameshika kikapu chake na walidhani ni cha Commandant.

Mjomba Zorobabel alimpa Commandant shikamoo, ingawa angeweza kumzaa, na akamweleza kwa Kiswahili cha Mombasa. Alisema hawa ni watu wa milimani, wamelisikia neno kwa sikio la kwao, wamedhani wamesifiwa, na mbuzi yule alikuwa shukrani ya kweli. Commandant alisikiliza akiwa ameegemea kiti. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho, akamwita mlinzi wake amsikilize, akamwomba Mjomba arudie ile ya "Mungu akuongezee bujuvi", wakacheka wote wawili. Mjomba naye akacheka kwa adabu. Hata mimi nilihisi kicheko kinanipanda, kile cha mtu aliyeponea. Nikasema moyoni, imekwisha, tunakwenda nyumbani.

Commandant akaacha kucheka ghafla, kama redio iliyozimwa.

"Neno lina maana mbili, nimekubali," alisema. "Lakini lile swali lake lina maana moja, hapa na Mombasa. Sasa niambie, mama, wewe uliyemzaa. Kijana wako aliuliza kwa sababu anajua, au ni ujuvi tu? Kama anajua, atabaki hapa anieleze alijuaje, na nani mwingine anajua. Kama hajui kitu, ni mtoto mjuvi tu, mchukue ukamchape."

Ofisi ilikuwa na dirisha dogo, na nzi aligonga kioo tok, tok. Nilimtazama Mama. Maisha yake yote yalikuwa neno moja, kwamba mtoto wake anajua. Alilisema kwa wateja, alilisema kwa Mungu, alilisema kwangu kila nilipoomba na mimi kalamu. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema kinyume.

Commandant hakutaka Mama amjibu yeye peke yake. Aliagiza Élysée aletwe ili asikie. Kaka yangu aliingia akiwa na udongo mpaka kwenye nyusi, kiatu kimoja, kravati ikiwa bado imefungwa vizuri. Sijui kwa nini kravati ile ndiyo iliyoniuma.

Mama akapiga magoti. "Papa commandant," alisema, "mutoto wangu hajuwi kitu. Akili yake ni kidogo. Nilimusomesha bure. Njo vile anasema-sema tu, kinywa haina mulango."

Élysée alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Mama," alisema, "mais mimi nilimuzika, kwa mikono—"

Mama aliinuka pale magotini na kumpiga kofi la mdomo, kofi ambalo sikuwahi kumwona akimpiga tangu utoto wake. Lilisikika mpaka nje. Damu ikaonekana kwenye jino. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na Commandant alikuwa ameshayasikia.

"Alimzika nani?" aliuliza. Akauliza tena, na safari hii aliuliza taratibu, na mlinzi wake akaacha kutabasamu na kusogea karibu na mlango. Nilijua wakati ule kwamba kaka yangu amekufa. Ninalisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyohisi: nilikuwa ninamtazama maiti amesimama na kiatu kimoja. Nilitafuta neno kichwani, lolote, la Kinande, la Kifaransa, hata la sala, na kichwa kilikuwa kitupu kama debe.

Ndipo Agar alipoweka kikapu chake chini. Alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote huo, na kusema kweli nilikuwa nimemsahau. Commandant akauliza huyu mama ni nani.

"Mimi njo mama ya Ariel," alisema Agar. "Ule mutoto mwalimu anasema. Hakufa. Nilimutuma Kanyabayonga kwa nyanya yake mbele ya ile mambo kuanza. Iko kule, iko muzima, anakula. Mwalimu alizika mutoto wa wengine akazani ni wangu. Hajuwi kitu, papa. Mama yake anasema kweli."

Alieleza hata rangi ya nguo aliyokuwa amevaa mtoto siku ya kuondoka, na kwamba nyanya yake alituma salamu juzi kusema amepona homa. Commandant alimkazia macho, naye alimtazama vilevile, macho makavu kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake tangu Kalunguta. Nilikuwa nimekula kiazi chake na kumwambia jina la mtoto litatajwa.

"Basi," alisema Commandant, na akaegemea tena kiti. "Mama mwenyewe kasema. Jumamosi nitarudi Butembo, nitawaambia watu kwamba yule mtoto yuko hai Kanyabayonga, na wewe mama utasimama kando yangu useme hivyohivyo. Wapate kujua huyu mwalimu ni mjuvi wa namna gani." Akamgeukia Mama. "Mchukue. Mbuzi atabaki, alikuwa shukrani."

Hivyo ndivyo tulivyomtoa kaka yangu. Tulipotoka langoni, kwaya ilitaka kuanza wimbo, na Pasta Ananie, nampa haki yake hapa, aliwanyamazisha kabla ngoma haijapigwa. Élysée alipanda lori akiwa amefunika mdomo kwa kitambaa. Mama alikaa mbali naye. Hawakugombana, lakini kila mmoja alitazama upande wake wa barabara. Nilimkasirikia Mama, nikamkasirikia Élysée kwa kutaka kusema kweli mahali pa kufia, kisha nikaona hasira yangu imekosa pa kutua, ikabaki nami.

Agar alikaa palepale alipokaa asubuhi. Nilitaka kumwambia kitu, asante au pole, na yote mawili yalinikataa. Mtu amemfufua mtoto wake kwa uongo ili mtoto wa mwingine asife, na Jumamosi atatakiwa amfufue tena mbele ya mji mzima. Utamwambia asante ya namna gani? Ya beberu?

Kalunguta lori likasimama. Agar akateremka na kikapu chake kitupu, maana askari walichukua viazi. Mama yangu naye akateremka, akataka kupiga magoti kwenye barabara mbele ya watu, na Agar akamshika makwapani akamwinua, akimwambia asichafue nguo. Élysée alishuka mwisho. Alikuwa na kiatu kimoja, mguu mwingine kwenye changarawe, na mdomo umevimba. Alijaribu kusema, lakini machozi yalimtangulia, machozi yote ambayo hakuyatoa tangu siku ya kuzika. Alimuuliza Agar tu kwa nini alisema vile.

Agar alijifunga upya kitenge chake. Alimwambia arudi kwao apone mdomo, kwa sababu batoto bengine wanamngoja. Halafu akaanza kupanda njia ya kwao. Alipofika mbali kidogo aligeuka, na kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo, akasema, "Mwalimu, mukipita siku moja Kanyabayonga, munisalimie ule mutoto."

Kaka yangu alifuta uso kwa kravati, akamjibu kwamba atamsalimia.